Uzi: Nilivyopata 9 kati ya 20 kwenye uhakiki wa shairi la msiba wa utotoni, na nilivyoandika upya

Bi_Mikindani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo nimeamua kuandika kwa sababu kila muhula nakuta mtu anaomba "mwenye notsi za uhakiki wa ushairi anisaidie". Notsi sina, ninacho kisa cha kufeli.

Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara, najiendeleza kwa masafa, shahada ya Kiswahili. Kwenye fasihi linganishi tulipewa kazi: chagua shairi moja la kigeni lenye huzuni ya mtoto, lisome katika lugha yake, kisha andika insha ya uhakiki kwa Kiswahili, kurasa sita. Nikachagua Mid-Term Break la Seamus Heaney wa Ireland ya Kaskazini. Nililichagua kwa sababu ni fupi, mistari 22 tu. Tena lilinigusa mwenyewe, na hapo ndipo nilipoangukia.

Kwa asiyelijua: kijana yuko shule ya bweni, ameketi asubuhi nzima kwenye chumba cha wagonjwa akihesabu kengele za vipindi. Saa nane mchana majirani wanampeleka nyumbani kwa gari. Anamkuta baba barazani analia. Ndani kuna kichanga kinacheka kwenye kigari chake, wazee wanasimama kumpa mkono, mama kamshika mkono. Saa nne usiku gari la wagonjwa linaleta maiti. Asubuhi anapanda chumbani na kumwona mdogo wake, jeraha moja kwenye panja la kushoto, yumo ndani ya sanduku la futi nne. Mstari wa mwisho unasema urefu wa sanduku ni futi moja kwa kila mwaka aliouishi. Basi, limeisha.

Ni kisa cha kweli. Mdogo wake Heaney, Christopher, aligongwa na gari mwaka 1953, mshairi akiwa na miaka 13 na yuko bweni. Shairi likatoka kwenye kitabu chake cha mwaka 1966.

Sasa tazameni sentensi ya kwanza ya insha yangu: "Shairi hili linazungumzia kifo cha mdogo wake mshairi aliyegongwa na gari akiwa na umri wa miaka minne, na mshairi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuonesha dhamira ya huzuni."

Mhadhiri alichora mstari mwekundu chini ya sentensi yote, akaandika pembeni: "Umeshamaliza. Kurasa tano zilizobaki za nini?"

Naendelea, nimsogezee mtoto uji kwanza.

---

korosho_ghafi

Nimekaa pale. Ila "amefaulu kwa kiasi kikubwa" umenikumbusha kidato cha nne, ile sentensi tuliandika wote hata kwa kitabu ambacho hatujakifungua 😂

---

Mwl_Nanyamba

Mwalimu mwenzangu, usiilaumu sana ile njia. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, halafu muundo, mtindo, matumizi ya lugha, halafu kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Darasa la watoto 90 ungesahihisha vipi bila ngazi kama hiyo? Tatizo ni mtu kufika chuo kikuu bado anapanda ngazi ileile.

---

Bi_Mikindani

Mwl_Nanyamba, sikukatalii, na mimi ndiyo iliyonivusha. Lakini sikiliza ilivyonifanya. Kurasa mbili za kwanza niliorodhesha: tashibiha ipo, sanduku limefananishwa na kitanda cha mtoto. Tashihisi ipo, mishumaa "inakibembeleza" kitanda. Sitiari ipo, jeraha ni ua jekundu. Tiki, tiki, tiki, kama karani wa ghala anavyohesabu magunia siku ya mnada. Sikuuliza hata mara moja kwa nini shairi lenye maiti ndani limekaa bila tamathali karibu beti tano nzima, halafu zinakuja zote kwa mpigo chumbani.

Kurasa tatu zilizofuata ndipo nilipoharibu zaidi. Nilimweka mdogo wangu mimi.

Mwaka 2001 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Masasi. Siku moja kabla ya adhuhuri nikaitwa ofisini, nikamkuta mjomba amesimama na kofia mkononi. "Mama yako ana homa kidogo, twende ukamwone." Mnajua wenyewe. Kwetu msiba hauambiwi njiani, utaambiwa ukifika. Tulipofika Ndanda mjomba akaninunulia soda. Wakuu, mjomba wangu hajawahi kumnunulia mtu soda. Chupa ile niliishika hadi Mtama sijaifungua.

Tulishuka Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi na Mtwara, nyumbani ni kutembea kidogo. Nikaona turubai. Nikaanza kuhesabu. Baba yule, ameketi na wanaume. Mama nikamsikia sauti yake ndani, kumbe yu hai. Bibi yule. Dada mkubwa yule, ana mtoto mgongoni. Nikahesabu wote, mmoja hayupo. Wa miaka mitano. Degedege lilimchukua usiku, na walishamzika baada ya sala ya adhuhuri, sikumkuta.

Nilichokikuta ni ufito. Babu alikata ufito kumpimia kaburi, halafu mtu akaurudisha nyumbani bila kufikiri, ukawa umeegemezwa ukutani nyuma ya choo. Nilikwenda huko peke yangu nikajipima nao. Ulinifika chini kidogo ya kifua.

Hayo yote yalikuwa kwenye insha, kurasa tatu. Mhadhiri akaandika, safari hii kwa penseli, sijui aliniona huruma: "Pole sana. Lakini shairi liko wapi?"

9 kati ya 20.

---

Binti_Mtama

Pole dada yangu. Nimesoma hapa kwenye "nikaanza kuhesabu" nikaweka simu chini.

---

korosho_ghafi

Pole sana Bi Mikindani. Nafuta utani wangu wa juu.

---

Bi_Mikindani

Usifute, utani wako ulikuwa wa kweli. Asanteni, ni miaka mingi.

Sasa kuandika upya. Nilipewa wiki tatu. Wiki ya kwanza sikuandika kitu, niliinakili tu tafsiri yangu ya Kiswahili ya shairi lile kwa mkono kwenye daftari, mstari mmoja kila siku kabla ya kwenda kazini. Siku nilipofika kwenye kichanga kinachocheka ndipo nilipogundua mshairi anafanya nini: anatuhesabisha.

Angalieni mpangilio wa habari. Ubeti wa kwanza, kijana anarudishwa na majirani. Kwa nini majirani? Baba yuko wapi? Wa pili, baba yupo, analia. Kwa hiyo si baba. Ubeti wa tatu kuna kichanga kinacheka. Kwa hiyo si kichanga. Wa nne, mama anamshika mkono. Kwa hiyo si mama. Wa tano, inakuja "maiti", haina jina. Ubeti wa sita ndipo tunaambiwa "nilimwona", kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita. Kwamba ni gari lililomgonga tunaambiwa mstari wa 21. Umri wake, mstari wa 22.

Ni ule uani wa nyumbani kwetu. Msomaji anafanya hesabu ya mtoto aliyeshushwa kwenye basi bila kuambiwa kitu: huyu yupo, yule yupo, nani hayupo? Heaney hajatuambia kwamba mtoto alichanganyikiwa. Ametuchanganya sisi.

Na mimi sentensi yangu ya kwanza ilikuwa imetangaza msiba mlangoni! Nilimnyima msomaji safari yote.

Basi nikaweka sharti moja tu kwa insha mpya: nisiseme nani amekufa mpaka shairi lenyewe liseme. Insha ifuate njia ileile. Nilianza hivi: "Katika mstari wa kwanza wa shairi hili kuna mtu amekaa anasubiri, na hatuambiwi anasubiri nini." Kisha ubeti kwa ubeti, nikimwonesha msomaji nani ameondolewa kwenye hesabu.

---

Malenga_wa_Kitangari

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nimetunga mashairi ya redioni tangu mna miaka haijulikani. Nina swali moja. Hilo mnaloliita shairi lina vina? Lina mizani? Mtu kasimulia msiba wake kwa mistari mifupimifupi, na msiba unastahili pole, lakini shairi ni jambo jingine. Marehemu Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimtungia Amina, na vina vikakaa mahali pake pamoja na machozi yake. Huzuni haimpi mtu ruhusa ya kuvunja arudhi, kanuni za utunzi.

---

Mwl_Nanyamba

Shikamoo mzee. Haya yalishapiganwa tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, na baada yake Mulokozi na Kahigi na diwani yao Malenga wa Bara. Tukianza hapa uzi wa watu utaishia kwenye ugomvi wa wanamapokeo wanaoshika vina na mizani na wanamabadiliko wanaoviacha.

---

Bi_Mikindani

Shikamoo babu. Sitakimbia swali lako, kwa sababu ndilo lililonipa kurasa mbili nzuri kuliko zote.

Shairi lina beti saba za mistari mitatu mitatu, yaani lingeanza kama tathlitha. Kisha, baada ya ubeti wa saba, kuna mstari mmoja umebaki nje peke yake. Vina havipo kwa utaratibu. Sentensi zinavuka mstari, zinavuka hata ubeti, mishata kwelikweli. Mfano ambao niliukalia siku mbili: ubeti wa nne unaishia mama akiwa ameshika mkono wa kijana, na maneno "katika wake" yamedondokea mwanzo wa ubeti wa tano. Mkono wa mama umenyooshwa juu ya pengo jeupe la karatasi. Ungemfungia Heaney kila ubeti ujitosheleze, mkono huo ungekatika.

Sasa babu, njoo mwisho. Mstari wa 21 na wa 22. Hapo ndipo vina vinapokaa sawasawa, neno la mwisho la mstari wa gari linagongana na neno "mwaka". Mistari 20 kijana hawezi kufunga kitu, hakuna kinachokubali kukaa. Kinachofungwa kwa kina ni sanduku. Kina kinapiga kama kifuniko. Na mstari wenyewe umetengwa nje, beti zote zina watatu, huu uko peke yake. Mistari mitatu mitatu halafu mmoja pekee, mimi naona hata hiyo ni hesabu ya mtu aliyepungua nyumbani.

Kwa hiyo mimi nasema Heaney anavijua vina vizuri, alivibana mpaka mahali ambapo vinauma. Nawe sema, babu.

---

Malenga_wa_Kitangari

Marahaba mwanangu.

Nimesoma mara mbili. Hicho cha kifuniko nimekielewa. Kwetu tunakiita kituo, mshororo wa mwisho wa ubeti, ambapo maana inatua. Huyu bwana kafanya shairi zima halina kituo ila kimoja.

Bado silihesabu kuwa shairi. Lakini mtu huyu kituo anakijua.

---

korosho_ghafi

Babu kakubali nusu, Kitangari wamesalimu amri 😂

---

Mmakonde_Mpole

Mimi nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka, naomba niingie kwenye lugha maana nimeona mambo.

Jambo la kwanza ni yule bwana wa barazani anayesema kwamba hili ni "pigo kubwa". Kwa Kiingereza neno lile ni kipigo na pia ni msiba, na mtoto amekufa kwa kupigwa na gari. Tafsiri inaweza kupoteza uchungu huo. Kiswahili hakipotezi kitu, "pigo" ni pigo, lile la ngumi na lile la msiba.

La pili, wazee wanamwambia pole kwa "matatizo" yake. Kule ni pole yao ya kawaida ya msibani, imekaa kama kanuni. Na sisi je? "Nimesikia una matatizo." "Poleni na matatizo." Mtu wa nje angedhani umeibiwa baiskeli. Ni neno la kufunikia, watu wa Ireland na watu wa Lindi wameokota kitambaa kimoja.

Halafu kuna hili ambalo nimelipata sasa hivi nikihesabu kwa vidole. Kule gari la wagonjwa linafika saa kumi ya usiku wao. Kwa saa zetu ni saa nne. Saa nne, futi nne, miaka minne. Kwa Kiingereza ni kumi, nne, nne. Kwa Kiswahili nne inagonga mara tatu!

---

Binti_Mtama

Mwili umenisisimka.

---

Mwl_Nanyamba

Zuri, lakini asiliweke kwenye insha kama kazi ya mshairi. Heaney hakujua saa ya Kiswahili. Mhadhiri atamrudisha kwenye 9.

---

Bi_Mikindani

Mmakonde_Mpole, ungekuwepo miezi minne iliyopita! Hilo la saa nne sikuliona kabisa. Na Mwl_Nanyamba yuko sahihi, ningeliweka kama maelezo ya tafsiri tu: hiki ni kitu ambacho lugha yetu imeongeza, si kitu alichokipanda mwenyewe. Uhakiki wa aina yetu una mtego huo, ukipenda shairi sana unaanza kulipatia mali yako halafu unalisifu kwa utajiri.

Kuna jingine la tafsiri lililonisumbua. Kwa Kiingereza, neno la ubeti wa sita linaonesha kuwa aliyekufa ni wa kiume. Kwetu "nilimwona" haisemi ni wa kiume wala wa kike. Kwa hiyo mtafsiri wa Kiswahili anaweza kuficha hata zaidi ya Heaney, au akalazimika kutoboa mapema kwa kuandika "mdogo wangu". Mimi niliacha "nilimwona" tupu. Sijutii.

Kichwa nacho. Midtemu ni neno la furaha kwa kila aliyelala bweni, ukilisikia unaota ming'oko na samaki wa nyumbani. Mwanzoni nilikitafsiri "Likizo Fupi". Mwenzangu mmoja wa chuo akapendekeza "Mapumziko". Nikakataa, halafu usiku nikakubali. Kwenye kaburi la Mkristo tunaandika "amepumzika kwa amani", na kwenye ratiba ya shule tunaandika "mapumziko saa 4:30". Neno moja, kazi mbili. Kile Kiingereza kina kuvunjika ndani yake, chetu kina kupumzika. Si kilekile ila kinatosha.

---

Mwanafunzi_F6

dada naomba unitumie hiyo insha nzima nina jaribio jumatatu 🙏

---

Bi_Mikindani

Hapana mdogo wangu. Shairi chagua lako, anza na swali moja: mwandishi amenificha nini na kwa muda gani? Ukilijibu hilo una kurasa mbili tayari.

---

Mama_Shangani

Mimi fasihi niliishia darasani, lakini kuna mahali hamjapagusa. Wazee kusimama.

Hapa kwetu mtoto ndiye anayeinama kwa mkubwa, shikamoo, marahaba. Mtoto kuingia mahali na wazee wote wakanyanyuka kumpa mkono, hapo lazima apate hofu. Ni kama dunia imegeuzwa juu chini. Nilifiwa na baba nikiwa na miaka 11, siku hiyo mzee mmoja wa mtaani ambaye alikuwa akitufukuza kwenye mwembe wake alininyanyukia kiti nikae. Sikukaa. Nilikimbia.

---

Bi_Mikindani

Mama, hapo umegusa ubeti wa tatu kuliko nilivyougusa mimi. Kijana anasema aliona haya. Mimi niliandika "haya inaonesha utoto wake". Kumbe ni kinyume, anaona haya kwa sababu wamemvika ukubwa ambao haujamtosha. Na minong'ono inawaambia watu wasiomjua kwamba ndiye mkubwa wa watoto, alikuwa shuleni. Amepewa cheo kwenye msiba.

Na hapohapo kuna ugeuzaji mwingine: baba analia, mama halii. Baba huyu, tunaambiwa, mazishi yalikuwa hayamtikisi. Kwetu mwanamume huambiwa jikaze na kilio wakaachiwa wanawake ndani. Hapa mwanamume yuko barazani machozi yanamtoka, mwanamke anakohoa pumzi za hasira, kavu. Katika insha ya kwanza niliandika "mama ana huzuni kubwa". Shairi halisemi huzuni. Linasema hasira. Kusoma ndiko kulikonishinda siku ile, maana kila mahali nilikuwa nategemea machozi nikayaona hata yasipokuwepo.

Neno "huzuni" kwenye insha ya kwanza lilikuwa mara 31, nililihesabu kwenye kompyuta. Kwenye shairi halipo hata mara moja. Kwenye insha ya pili nililitumia mara mbili, moja ikiwa kwenye kichwa cha kazi ambacho chuo ndicho kilichokiandika.

---

Mmakonde_Mpole

Na ulinganisho? Fasihi linganishi bila kulinganisha?

---

Bi_Mikindani

Nililinganisha na Amina ya Shaaban Robert, hapo babu atafurahi. Lakini kwa jambo moja tu, nani anasema na nani. Mgane anamwita mkewe kwa jina, anaongea naye, anamwambia umetangulia. Nafsi ya pili tangu mwanzo. Kijana wa Heaney hasemi na mdogo wake hata neno, wala hamtaji kwa jina. Anamtazama. Mtu mzima ana maneno ya kumwagia marehemu, ana dini, ana dua, ana desturi ya utungo iliyo tayari kumbeba. Mtoto ana macho tu: kengele, kigari, mishumaa, maua ya baridi meupe, kipimo cha sanduku. Kwa hiyo shairi la mtu mzima limejaa miito, na la mtoto limejaa vitu. Hiyo ndiyo hoja, nikaijenga kurasa moja na nusu na kuiacha. Sikusema lipi bora. Insha ya kwanza nilikuwa nimesema Heaney "anazidi kwa uhalisia", upuuzi mtupu.

Ua lile la jeraha nalo lilinipa shida. Ni mpopi, ua jekundu ambalo Uingereza watu huvaa kukumbuka waliokufa vitani. Msomaji wa Mtwara ukimwambia mpopi hana picha. Nilifikiri niweke ua la mkrismasi, ule wekundu unaodondoka barabarani mwezi wa kumi na mbili. Mwishowe nikaacha mpopi na kueleza, kwa sababu kitenzi ndicho chenye kazi: mtoto "amelivaa" jeraha. Kama mtu anavyovaa ua kifuani siku ya sherehe. Ukibadilisha ua ukapoteza kuvaa, umepoteza mstari.

---

korosho_ghafi

Na ufito? Uliutoa kabisa?

---

Bi_Mikindani

Niliutoa. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, na ndilo nililokuja kuulizwa na wenzangu wa chuo: je, mhakiki aseme yaliyomkuta au asiseme?

Mimi naona hivi. Ufito haumo kwenye insha ya pili, lakini ni ufito uliosoma mstari wa mwisho. Mtu ambaye hajawahi kumpima mtoto kwa kijiti angeandika kwamba futi nne ni "taswira ya ufupi wa maisha", kama nilivyoandika mimi mwanzoni. Kumbe kwanza ni kipimo. Mtu fulani alichukua urefu wa mtoto, akaenda nao kwa fundi, na kijana anaona namba ile na kuigawa kwa umri kwa sababu ndivyo mtoto wa shule anavyojua kufanya. Asubuhi nzima alikuwa anahesabu kengele, bado anahesabu. Sisi wa sanda hatuna sanduku la kubaki nalo, jeneza linarudi msikitini, mtoto mdogo kama yule hata jeneza hana haja nalo, anabebwa mikononi. Ndiyo maana kwangu kilichobaki ni kijiti. Lakini kipimo ni kilekile.

Niliandika aya ya mwisho juu ya kugawanya, nne kwa nne, jibu ni moja. Nikaweka kalamu chini. Sikuandika "hivyo basi mshairi amefaulu".

---

Mwl_Nanyamba

Alama?

---

Bi_Mikindani

16. Zile nne alisema nimezidisha nukuu na nimekosea kuandika mwaka wa Tuzo ya Nobel, niliweka 1996, ni 1995. Kosa langu.

---

Malenga_wa_Kitangari

Nne tena.

---

Binti_Mtama

Babu jamani 😂

Dada, mama yako aliisoma?

---

Bi_Mikindani

Mama hasomi maandishi madogo siku hizi. Nilikwenda Mnazi Mmoja mwezi uliopita nikamsomea ile tafsiri, si insha. Alikuwa amekaa mkekani anamenya muhogo. Nilipofika kwenye mama anayekohoa hasira aliacha kumenya. Nikamaliza mpaka mwisho, futi nne na miaka minne.

Akakaa kidogo, akauliza, "Na yule mama, alilia baadaye?"

Nikamwambia shairi halisemi, linaishia kwenye sanduku.

Akachukua kisu. "Basi hajamaliza huyo," akasema, akaendelea na muhogo wake.